Pontuni yako haikimbii? Shughulika na propela na tumbo la boti kabla hujanunua injini kubwa

Kila ikifika mwezi wa tano huku Minnesota, barafu imeshayeyuka, watu wameshusha boti ziwani, swali linakuwa lile lile: jamani pontuni yangu ina injini ya farasi 60, au 90, na bado naachwa na kila mtu, niongeze injini? Jibu langu siku zote ni tulia kwanza. Injini ndo kitu cha mwisho na ndo ghali kuliko vyote. Kwenye pontuni spidi inapotea sehemu tatu kabla hata hujaanza kuilaumu injini, yaani propela (yale mapanga ya nyuma yanayosukuma boti) ambayo sio saizi yake, maji yanayopiga tumbo la boti, na mzigo ambao mwenye boti hajui kama anaubeba.

Kwa ambao hawajawahi kuipanda, pontuni ni sakafu bapa iliyolazwa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini, zingine matatu, juu kuna makochi, kivuli, watu wanachoma nyama humo humo. Aliyeleta wazo hili ni mkulima wa hapa hapa Minnesota, Ambrose Weeres, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliweka sakafu ya mbao juu ya mapipa ya chuma yaliyounganishwa, alitaka chombo kisichoyumba ziwani. Mbio hazikuwa kwenye hesabu zake kabisa. Na mpaka leo umbo ni lile lile, boti ya kawaida ya faiba ikipewa moto inapanda juu ya maji na kuteleza, pipa la duara lenyewe linalima maji, kadri unavyoongeza moto ndo maji yanavyozidi kulizonga, kwahiyo kila kitu ntakachosema hapa chini kinalenga ama kupunguza maji yanayoshika boti ama kuhakikisha nguvu uliyonayo inafika majini yote.

Anza kwa kupima, usibahatishe. Ile saa ya spidi kwenye dashibodi achana nayo, nyingi zinasoma kwa msukumo wa maji na zinadanganya, tumia GPS, hata ya simu inatosha. Chagua asubuhi ziwa likiwa limetulia, nenda fulu upande mmoja, geuza rudi upande wa pili, jumlisha gawa kwa mbili ili upepo usikudanganye. Andika vitu vitatu: spidi, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), na ulikuwa na watu wangapi na mafuta kiasi gani. Bila RPM hapo hujapima kitu. Kama boti yako haina saa ya RPM nunua hata ile ndogo inayofungwa kwenye waya wa plagi. Halafu baada ya hapo ukibadilisha kitu badilisha kimoja, pima tena, ndo uguse kingine, maana mtu anabadilisha propela, anapandisha injini na anaosha mapipa siku moja, spidi inaongezeka hajui kilichomsaidia ni kipi.

Sasa mapipa. Boti ikiwa juu ya trela pita nayo chini uangalie. Kama iliachwa majini msimu mzima utakuta utelezi wa kijani na magamba magumu, huo ukoko unakula spidi kuliko watu wanavyodhani, piga na maji ya presha, kama haujatoka tumia sabuni maalum ya kung'arisha alumini, ila zile dawa zina asidi, vaa glavu na miwani na usome maelezo ya kwenye chupa. Na ukitaka kupaka rangi ya kuzuia uchafu usikubali kuuziwa yenye madini ya shaba, shaba ikikutana na alumini ndani ya maji inaitafuna alumini mpaka itoboke, kuna rangi za alumini waambie hivyo dukani.

Halafu sikiliza kama kuna maji ndani ya pipa. Hii imewakuta wengi, boti imenunuliwa mtumba, inalalia upande mmoja kidogo, mwenyewe anafikiri ni mpangilio wa makochi kumbe pipa limepata ufa kwenye welding na limebeba maji. Lita moja ni kilo moja, hapo piga hesabu mwenyewe, lita 100 ni sawa na kumbeba mtu mnene bure ambaye hashuki. Mapipa mengine yana kizibo nyuma chini, fungua uone kinachotoka. Kujua ufa uko wapi unajaza upepo kidogo sana, psi (kipimo cha presha) 2 hivi na isizidi 3, unapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, palipo na tundu panatoa mapovu. Narudia, upepo kidogo, usichomeke kompresa ya gereji ukaiachia, pipa la alumini sio tairi, linaweza kupasuka na kuumiza mtu.

Mzigo wa juu nao utazame. Tangi la galoni 30 likijaa petroli lina kilo 80 na kitu. Ongeza deli la barafu, nanga mbili, jiko la gesi, maturubai ya akiba, betri ya pili, vyote vimesukumwa mbele kwa sababu nyuma kumejaa. Pontuni ya mapipa mawili haipendi mzigo mbele, pua zinazama na kuanza kulima, sogeza vizito nyuma ya katikati, pua ziinuke kidogo. Ile hema ya kivuli ikunje unapotaka kukimbia, inashika upepo vibaya sana, na ngazi ya kuogelea ipandishe, usicheke, watu wanaisahau inaburuzwa majini.

Kabla ya propela hakikisha injini yenyewe ni nzima, hapa sikai sana. Plagi, filta ya mafuta, mafuta ya zamani yaliyochanganyika na maji (petroli ya huku ina ethanoli, inavuta unyevu, kwahiyo filta ya kutenganisha maji ni lazima), na tundu la hewa la tangi liwe wazi. Kitu kimoja kinachosahaulika ni kebo ya moto: injini ikiwa imezimwa, mwambie mtu asukume mkono wa moto mpaka mwisho, wewe uko nyuma umefungua kofia unatazama kama ile wenzo kwenye injini inagonga mwisho wake kweli. Ukikuta bado imebakiza kidogo unakuwa hujawahi kwenda fulu tangu ununue. Kingine ni mpira wa ndani ya propela, ukichoka propela inateleza kwenye shafti, RPM zinapanda boti haiendi. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu cha ndani mpaka kwenye mwili wa propela, kimbia, rudi uangalie, mstari ukiwa umekatika umehama basi mpira umekufa.

Haya, propela yenyewe. Hapa ndo pana spidi ya bei rahisi, na ndo pana ujinga mwingi.

Kila injini ina RPM zake za fulu ambazo mtengenezaji ameziandika kwenye kitabu, nyingi za siku hizi za four-stroke zinacheza kati ya 5,000 na 6,000, zingine mpaka 6,300. Boti ikiwa na mzigo wako wa kawaida, ukifungua fulu, RPM zifike karibu na juu ya hicho kiwango. Ukiishia 4,700 injini inabanwa, haifiki penye nguvu zake, unapoteza farasi ulizolipia na pia unaichosha. Ukipita kiwango, ile kinga ya injini inaanza kukata moto na huo nao ni uharibifu. Kwahiyo swali la kwanza la spidi sio injini yangu ni kubwa kiasi gani, swali ni inafika RPM ngapi.

Propela ina namba mbili, mfano 13 x 15. Ya kwanza ni upana wake kwa inchi, ya pili ndo tunaiita pichi, ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu kisichoteleza. Ukishusha pichi inchi moja RPM zinapanda kati ya 150 na 200, ukipandisha zinashuka hivyo hivyo. Sasa mtu anasikia pichi kubwa ndo spidi, anatoka 13 anaenda 17, RPM zinaporomoka, boti inakuwa nzito kuliko mwanzo, anakuja analalamika ameuziwa feki. Kama injini yako inaishia 5,000 na kitabu kinasema 6,000 unashuka pichi, na spidi INAONGEZEKA, najua inasikika kinyume ila ndo ilivyo, injini imepata pumzi.

Kuna hesabu ndogo ya kujua kama propela inafanya kazi. Chukua RPM, gawa kwa gia reshio ya injini (injini inazunguka mara ngapi propela ikizunguka mara moja, iko kwenye kitabu), zidisha kwa pichi, gawa kwa 1,056, unapata maili kwa saa ambazo ungeenda kama hakuna kuteleza. Mfano RPM 5,800, gia 2.15, pichi 15: jibu linakuja kama maili 38. GPS inakwambia 31, yaani kama kilomita 50 kwa saa, basi umepoteza asilimia 19 hivi kwa kuteleza. Kwa pontuni hiyo ni kawaida. Ukiona asilimia 30 na kuendelea kuna tatizo, propela inakula hewa au imepinda au boti imezidiwa mzigo, na kununua pichi nyingine hakutakusaidia mpaka ulipate hilo tatizo.

Alumini au stenlesi? Alumini ni laini, mapanga yanajikunja kidogo chini ya nguvu, stenlesi ni nyembamba na haijikunji kwahiyo inashika maji vizuri, utapata maili moja, labda mbili. Bei yake lakini ni mara kadhaa, na ziwa likiwa na mawe mimi ningebaki na alumini, maana alumini ikigonga jiwe inakufa yenyewe ila stenlesi inaweza kupeleka kishindo mpaka kwenye gia. Mapanga matatu au manne? Matatu kwa spidi ya juu, manne kwa kuondoka haraka na kubeba watu wengi bila kuteleza kwenye kona, kwa familia inayovuta watoto kwenye tairi manne ni bora hata kama unapoteza kaspidi kidogo. Na kama propela uliyonayo imekatika ncha au imejikunja, ipeleke kwa fundi wa propela kwanza, pengine ndo tatizo lote.

Hapo niwageukie mlioko nyumbani Afrika Mashariki na mnaofunga autibodi (injini ya kufunga nyuma ya boti) kwenye maziwa ya juu, maana hii inawahusu kuliko sisi. Kila ukipanda futi 1,000, kama mita 300, kutoka usawa wa bahari injini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Ziwa Victoria liko mita 1,134, tayari asilimia 11 imeondoka, yaani ile ya farasi 40 yako inasukuma kama 35 na kitu. Naivasha iko karibu mita 1,900, sawa na Lake Tahoe ya California na Nevada, na hapo unapoteza asilimia 18 au 19. Kwahiyo propela iliyokuwa nzuri Mombasa au Dar ukiipandisha Naivasha ni nzito, shusha pichi inchi moja au mbili. Injini za EFI (zinazopimiwa petroli na kompyuta) zinapunguza petroli zenyewe kuendana na hewa, za kabureta zinatakiwa kubadilishiwa jeti (vitundu vinavyopitisha petroli), vinginevyo zinatoa moshi mweusi na kunywa mafuta bure. Nguvu iliyopotea hairudi kwa vyovyote, unachookoa ni RPM.

Baada ya propela kuna urefu wa injini, na hii haina gharama zaidi ya spana na mtu wa kukushikia. Juu tu ya propela kuna kibati bapa kinachozuia hewa isivutwe chini. Boti ikiwa fulu na trimu (mtambo wa kuinua na kuinamisha injini) iko sawa, mtu mmoja achungulie nyuma kwa uangalifu, kile kibati kinatakiwa kiwe kinateleza kwenye uso wa maji au kimezama kidogo tu. Kama kimezama sana na maji yanaruka juu kuzunguka mguu wa injini, mguu unaburuzwa bure. Pandisha injini tundu moja la bolti, matundu yanapishana inchi robo tatu, pima tena. Boti nyingi dukani zinafungwa injini chini kwa usalama wa muuzaji, ili mteja asirudi kulalamika kuwa propela inakula hewa kwenye kona. Unapandisha mpaka inapoanza kuteleza kwenye kona ya kawaida, kisha unashusha tundu moja. Ukishapandisha tazama ule mkojo wa maji unaotoka pembeni ya injini, uwe na nguvu ile ile, kwa sababu matundu ya kuvuta maji ya kupoza yako kwenye mguu na yakitoka nje ya maji injini inaungua. Na kama injini yako ni nzito usiinyanyue kwa mabega, tafuta jeki au winchi.

Trimu wengi wanaitumia kupandisha injini wakifika ufukweni tu. Ukiwa unaondoka iwe chini kabisa, boti ikishashika spidi anza kuinyanyua kidogo kidogo huku unaangalia GPS. Spidi itapanda, RPM zitapanda, usukani utakuwa mwepesi, halafu ghafla RPM zitaruka na spidi itashuka, hapo propela imeshika hewa, rudisha kidogo. Alama ya hapo ikariri. Kuna watu wamepata maili 3 kwa kidole gumba tu.

Sasa tumbo, na kwenye pontuni kitu hiki ndo mimi nakipenda kuliko vyote. Chini ya sakafu kuna mihimili inayokatiza kutoka pipa moja mpaka lingine, mingi, na boti ikikimbia maji yanayorushwa na mapipa na mawimbi ya wengine yanaipiga mihimili ile mmoja baada ya mwingine. Unasikia ule mlio wa kugongwa gongwa chini ya miguu, kila kugonga kule ni breki. Dawa yake ni kufunika tumbo lote katikati ya mapipa kwa mabati ya alumini, unene wa inchi 0.032 mpaka 0.040 unatosha, maji yakirushwa yanakutana na kitu laini yanateleza kwenda nyuma. Maili 2 au 3 ni matarajio ya haki, na safari inakuwa kimya, mke wangu kelele ndo alizopigia kura, spidi hakuuliza.

Ufungaji wake unafanana na kuezeka, mabati yanalaliana, ila hapa unaezeka ukiwa umelala chali. Anza nyuma uende mbele, na kila bati la mbele ukingo wake wa nyuma uwe CHINI ya bati lililo nyuma yake, ukikosea hapo ukingo unachota maji na siku moja bati litang'oka lote ukiwa fulu. Skrubu za stenlesi, nyingi, zisiache nafasi ya kutetemeka. Kabla ya kufunga fuata njia ya nyaya na mipira ya mafuta, vyote vinapita humo, skrubu moja ikitoboa mpira wa petroli mvuke unajikusanya ndani ya lile tumbo ulilolifunika. Acha upenyo nyuma maji yatoke. Na boti iwe imeshikiliwa kwenye stendi za kweli, usiingie chini ya boti iliyokaa kwenye matofali.

Vibawa vya kunyanyua ni hatua nyingine, hivi ni vipande vya alumini vya pembe vinavyochomelewa kwa urefu wa pipa, chini kidogo ya usawa wa maji, kazi yake ni kulipa pipa la duara kitu cha kukanyagia ili linyanyuke. Boti nyingi mpya za spidi zinakuja navyo. Lakini vinahitaji nguvu, ukiwa na farasi 40 au 60 hutaona tofauti ya maana, kuanzia 90 au 115 hapo unaanza kuongea. Achomelee mtu anayejua alumini, ukuta wa pipa ni mwembamba, na baada ya kuchomelea pima upepo upya na sabuni. Pipa la tatu la katikati ni habari kubwa zaidi, linaongeza ueleaji na uwezo wa kubeba injini kubwa, ila gharama yake wakati mwingine inakaribia ya kuuza hiyo uliyonayo na kuchukua ambayo imetoka kiwandani na matatu.

Ukishafanya yote hayo na bado roho haijaridhika, haya nunua injini. Tazama kwanza kibati cha mtengenezaji kilichogongwa kwenye boti kinachosema farasi zisizidi ngapi, ukizidisha bima inaweza kukukana siku ya ajali, na sehemu ya kufungia injini inaweza isibebe uzito. Ukitoka 60 kwenda 115 usitegemee spidi mara mbili, maji hayafanyi hivyo, kila maili ya juu ni ghali kuliko iliyotangulia. Kule Missouri kwenye mashindano ya Lake of the Ozarks kuna pontuni zimepita maili 100 kwa saa, lakini zile zina nguvu na pesa za mambo mengine, tusilinganishe na ya kuvulia samaki.

Na unapofanya majaribio ya fulu asikae mtu mbele ya geti la uzio wa boti, pua ikizama kwenye wimbi anaanguka mbele na boti inampitia juu na propela iko nyuma inamsubiri. Kila mtu jaketi okozi. Kamba ya kuzima injini ifungwe mwilini, tangu Aprili 2021 ni sheria ya serikali kuu ya Marekani kwa boti nyingi zilizo chini ya futi 26, na hata huko ambako hakuna sheria hiyo ifunge, pontuni ikimtupa dereva haisimami yenyewe, inazunguka duara inarudi pale pale alipo.